Bibi Aliyenipokea Kichwa

Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, amalize, ndipo nianze. Nimechoka kuambiwa niliota. Sikuota. Ilikuwa saa saba mchana, huko kwetu Uru, mwaka niliokuwa kidato cha nne, na miguu yangu ilikuwa kwenye matope.

Nilikuwa na kipandauso. Wewe ambaye hakijawahi kukupata, usiseme unajua kuumwa kichwa. Kwanza vinakuja vimulimuli kwenye jicho, halafu upande mmoja wa kichwa unagonga mpaka utapike, halafu siku mbili nzima mwili hauna nguvu hata ya kufunga kamba za viatu. Ukipata nafuu, kinarudi. Hospitali walinipima malaria, hakuna. Wakanipa miwani, wapi. Mwalimu akaniita mvivu mbele ya darasa zima. Mama yangu, Mungu amrehemu, alisema najifanya kwa sababu sitaki kukata majani ya ng'ombe. Mtihani ulikuwa unakaribia na sikumbuki hata nilichosoma jana yake. Nilijua nafeli, na nikifeli ndiyo basi.

Sasa siku hiyo ya Julai, ukungu umeshuka, natoka kukata majani, mzigo uko kichwani, vimulimuli vikaanza. Nikautupa mzigo kando ya mfereji unaopita kihambani kwetu, shamba la ukoo, nikakaa chini ya migomba, nikajifunika macho kwa kanga. Nililia, sioni aibu kusema. Nilipofunua macho, bibi mmoja alikuwa amesimama upande wa masale, mimea iliyopandwa pale walipozikwa wazee wetu. Simjui. Na kule kwetu unamjua kila mtu pamoja na mbuzi wake. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitika. Umewahi kumwona mtu mzima asiyeitikia shikamoo?

Akasema, "Nipe hicho kichwa, nikupokee."

Hapa nisikilize vizuri. Kwetu mtoto ndiye humpokea mtu mzima mzigo. Ukimwona bibi kajitwika, unakimbia kumpokea, huulizi yeye ni nani. Mtu mzima kumpokea mtoto ni mambo ya kichwa chini miguu juu, na hilo nalijua tangu sijaota meno. Nilipaswa kukataa. Lakini ukiumwa vile, adabu inakutoka. Nikamwambia achukue.

"Nitakitua wapi?"

"Popote, bibi. Ilimradi si kwangu."

Ndivyo nilivyosema, kwa kinywa changu mwenyewe.

Akanigusa utosini kwa kiganja cha baridi, na maumivu yakakatika hapohapo. Haki ya Mungu, yalikatika. Kisha akageuka, akashika njia ya nyumbani kwetu, shingo imekaza, mikono yote miwili iko juu kama mtu aliyejitwika ndoo ya maji. Kichwani hapakuwa na kitu. Lakini nyayo zake zilizama kwenye tope mpaka vifundoni. Niliogopa, sikatai. Ila furaha ilinizidi. Nikajitwika majani yangu, nikapanda taratibu naimba nyimbo za kwaya.

Nyumbani nikamkuta mdogo wangu Epi, wa miaka tisa, amejikunja nyuma ya mlango, mikono machoni, amejitapikia. Nikamuuliza amekula nini.

"Kuna bibi alipita, akaniomba nimtue mzigo," akasema. "Nikamtua. Lakini dada, hakuwa na kitu kichwani."

Epi alikuwa mtoto wa adabu. Alifanya tulivyofundishwa.

Mama aliporudi alimchapa, eti ameiga maigizo yangu. Mimi nikanyamaza. Nilirudi mferejini jioni ile, na kesho yake, na likizo nzima, namwita yule bibi anirudishie kilicho changu. Nilimwaga mbege, pombe yetu ya ndizi, kwenye masale. Nilisali rozari. Kulikuwa na migomba na maji tu.

Tangu siku hiyo kichwa hakijaniuma tena, hata nikiwa na malaria. Mtihani nilifaulu, leo ni mwalimu. Epi aliacha shule darasa la sita. Sasa ni mama mtu mzima, amepanga chumba Njoro, huko chini mjini, dirisha ameliziba kwa blanketi, na kila Jumamosi nashuka kumkanda kwa kitambaa cha maji ya baridi. Huwa ananishukuru sana. Juzi alinishika mkono gizani, akaniuliza, "Dada, na wewe si uliumwa hivihivi? Chako kilipona kwa dawa gani? Niambie na mimi."

Nikamjibu kilipona chenyewe. Sina ujasiri wa jibu lingine, na huenda sitaupata.

Kwa hiyo wewe unayeumwa, lala gizani, lia, nenda hospitali, urudi tena na tena mpaka wakusikilize. Lakini akitokea mtu wa kukupokea maumivu yako, akakuuliza ayatue wapi, nakuomba usimwambie popote. Popote ni kwa mtu.