Kostumu ya Bluu Aliyoletewa Nesi

Msomaji huyu ametuomba tumfichie jina na shamba analokaa, na majina yote yaliyomo tumeyabadilisha. Msomeni kwa upole.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, mzaliwa wa Mghange. Nimeolewa na nina watoto watano, wawili wana nyumba zao tayari. Mume wangu, Baba Wakesho, ni karani wa stoo katika shamba moja la mkonge karibu na Voi, nasi tunakaa kwenye nyumba za wafanyakazi. Naomba msinicheke nikiwaambia kwamba kinachoninyima raha ni nguo ya kuogelea.

Hapa shambani kuna klabu yenye bwawa la kuogelea. Zamani lilikuwa la Wazungu peke yao, lakini siku hizi Jumapili tukitoka kanisani familia zetu huruhusiwa. Watoto huruka majini, wanaume huogelea, na sisi akina mama huketi ukingoni na leso zetu, tumetumbukiza miguu tu, tunapiga soga. Tulikuwa tumezoea hivyo mpaka alipokuja nesi mpya wa zahanati, mama mjane, nitamwita Mama Rehema.

Mama Rehema amenizidi umri. Angekuwa msichana ningemdharau nikanyamaza. Lakini huyu ana tumbo kama langu na nyonga kama zangu, na Jumapili moja alivua leso akabaki na kostumu ya bluu nzito. Mikanda ya mabegani ilikuwa mipana, kifua kimeshikwa vizuri, tumboni kuna marinda ya kuficha yale tunayoyajua sisi tuliozaa, na chini kijisketi cha kufunika mapaja. Hakuonekana uchi hata kidogo, alipendeza tu. Akateremka ngazi za bwawa polepole, na mume wangu, chupa ya soda mkononi, akasema, "Huyu mama anajua kuvaa."

Miaka yote ya ndoa yetu sijamsikia akisema neno hilo juu yangu. Kwa wivu chakula cha jioni sikukigusa, na yeye wala hakuuliza kwa nini.

Sasa, kwetu Mghange, kwa baridi ile ya milimani, msichana hufundishwa kufuma sweta hata kabla hajajua kupika ugali wa kueleweka. Sweta za shule za watoto wa hapa karibu zote nimezifuma mimi. Nikajiambia, kwani yeye ni nani? Nikachukua uzi wa sufu uliobaki, rangi ya maruni, nikajifumia kostumu yangu mume akiwa kazini. Nikaiga mikanda, marinda, mpaka kijisketi. Nilipojitazama kwenye kioo nilijipenda, Mungu anisamehe.

Jumapili nikaingia majini kifua mbele. Mle ndani hakukuwa na shida. Shida ilikuwa kutoka. Sufu ilikuwa imekunywa maji ikashiba, na nilipopanda ngazi mikanda ikavutika, kijisketi kikafika magotini, na shingo yake, wacha nisiseme ilifika wapi. Watoto walipiga kelele. Wenzangu walificha vicheko kwenye leso. Mume wangu akaangalia pembeni. Ni Mama Rehema peke yake aliyekuja mbio akanifunika.

"Pole, dada yangu. Jifunge hii leso, twende ndani," akasema. Tulipofika chumba cha kubadilishia nguo akaniambia, "Sufu haiwezi maji. Sisi watu wazima tunataka nailoni nzito, rangi ya giza, na mikanda isiyokata mabega. Mwambie Baba Wakesho akuletee. Hata hii yangu ni yeye aliniletea kutoka Mombasa."

Hapa kwetu anayeteremka Mombasa na lori la shamba huagizwa na kila mtu, huyu viatu vya mtoto, yule kitambaa cha pazia. Kwa hiyo kuagiza si kosa. Lakini nilimuuliza, "Ulimpa vipimo?"

Akacheka. "Vipimo wapi! Nilimwambia aangalie tu itakayonitosha. Na ikanitosha."

Ndugu wasomaji, huyo mume wangu ameniletea magauni mara nyingi na hakuna hata moja lililonikaa. Kuna lililonibana makwapa nisiweze kuinua mkono, na kuna ambalo tungeingia mimi na jirani. Mimi ninayelala naye hanijui, halafu mwili wa nesi anaujua kwa macho?

Nilipofika nyumbani nilimkabili. "Baba Wakesho, ulijuaje saizi ya yule mama?"

Hakushtuka. "Nilimwambia mwenye duka anipe ya mtu kama mke wangu. Kwani si mnatoshana?"

"Na mbona mimi hukuniletea?"

"Wewe uliniagiza lini? Nilijua huwezi kuvaa."

Jibu hilo laweza kuwa la mtu mkweli, na laweza kuwa la mtu mjanja sana.

Juzi Mama Rehema amekuja kwangu na ile kostumu, imefuliwa na kukunjwa. "Naona jambo hili limekuumiza. Ichukue, mama. Mimi nitaketi ukingoni na wenzangu." Nilikataa, akaiweka kitini akaenda zake kazini. Nikafunga mlango, nikaijaribu. Imenikaa kama nimeshonewa. Nilisimama mbele ya kioo nikalia, na hasira yote ikiwa bado ipo. Kama mume wangu alisema kweli, basi huyu mtu ananijua mwili wangu na hajawahi kuniambia. Kama alidanganya, nimevaa zawadi ya mwanamke mwingine.

Jumapili ni keshokutwa. Nikiivaa, nitakuwa nimemnyang'anya mjane furaha yake, na klabu nzima itajua ni yake. Nikiirudisha, nitaketi tena na leso yangu nikimtazama mume wangu akimtazama. Nishaurini, hasa nyinyi mliovuka arobaini: niingie majini, au nimrudishie?