Ngoma ya Mapacha Kabla ya Ubatizo

Mkamwana wangu alipojifungua mapacha, dada yangu mkubwa alifika Buswelu kutoka Bujora akidai kwamba ngoma ya mapacha, kama mila yetu inavyotaka, ichezwe kabla ya ubatizo, la sivyo watoto wangeugua. Nilikasirika. Nimeutumikia umma hadi kustaafu, na sikuzoea kuamriwa nyumbani kwangu. Mkamwana alinyonyesha, akingoja kujua kama shangazi wa mumewe angehudhuria ubatizo au angeondoka amenuna.

“Dada, shikamoo nimekwisha kukupa, sasa nijibu,” nilisema. “Ni jambo gani likitokea utakubali kwamba umekosea?”

Aliweka kikombe chake cha chai chini.

“Sijui. Na wewe, mzee wa kanisa? Watoto wakiugua baada ya ubatizo, utaacha kusali?”

“La hasha!”

“Basi tumekaa benchi moja. Hebu sogea.”

Mkamwana alicheka. Mimi sikucheka, lakini kumbukumbu lazima ziwe sahihi: nilimtaka dada yangu apime imani yake kwa kipimo ambacho sikuwahi kukitumia kwa yangu. Ndipo nikamuuliza, safari hii kwa kutaka kujua, katika ngoma hiyo huimbwa nini, na kwa nini wazazi nao huchezewa.

Alieleza hadi chai ikapoa. Sikuamini, ila niliridhia ngoma ichezwe, kwa sharti kwamba watoto wasinyweshwe dawa yoyote. Naye alitoa lake: kanisani angekuja, mradi kwenye ngoma nisisimame nimekunja mikono kama mkaguzi.