Kola za Fundi Shingo

Jina la Fundi Shingo lilimganda kwa sababu hakuiamini futi kwenye kola. Mwili wa mteja aliupima kwa futi, lakini kola aliimalizia kwa kuivaa yeye, mbele ya kioo, pini zimebanwa midomoni. Nimeshonewa mashati katika miji mingi. Hakuna kola zilizonikaa kama zake.

Safari hii nilirudi nikilalamika. "Fundi, kola inanipwaya upande wa kushoto."

"Umekonda wewe. Safari zako hizo."

"Nikonde upande mmoja?"

Mkewe, aliyekuwa akipiga pasi, alicheka, kisha akaiweka pasi chini. Alikuwa anatazama ukutani. Mashati ya wateja wasiojuana yalikuwa yametundikwa pale, na kola zote zimevimba mahali pamoja, kana kwamba mtu mmoja asiyeonekana ameyavaa yote. Akamwendea mumewe, akampapasa chini ya taya.

"Baba watoto, hiki nini?"

Kilikuwa kigumu kama kokwa, wala hakikuuma.

Daktari hakumbembeleza. Uvimbe wa shingo ukimkaa mtu mzima wiki kadhaa bila kupungua, alisema, unachukuliwa kuwa saratani mpaka ithibitike kuwa siyo. Akamtuma kwenye kipimo cha CT.

Kitanda chembamba kilimwingiza fundi kwenye tundu la mashine. Dawa ya kung'arisha picha ikapita mshipani, joto likamshuka kutoka kooni. "Nilidhani nimejikojolea, ndugu yangu," alinisimulia. Sauti ikamwamuru asimeze mate. Akageuza macho tu. Nyuma ya kioo, mpiga picha alikuwa amevaa shati lililoshonwa na fundi mwenyewe. Kola ilikuwa imevimba kushoto, na ndani ya uvimbe hamkuwa na kitu.

Kwenye skrini, shingo yake ilikuwa imekatwa vipande vyembamba kama mkate. Tezi moja ilikuwa imevimba, katikati nyeusi, imeegemea mshipa mkubwa.

"Picha inasema uvimbe ulipo," daktari alieleza. "Ni nini, sindano ya kuchota chembe ndiyo itasema."

Sindano ikasema saratani. Picha haikuwa imeonyesha uvimbe mwingine, kwa hiyo akapangiwa upasuaji.

Siku ya kwenda kulazwa nilimkuta akifumua kola zote za ukutani. Moja aliibandua na uvimbe wake, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Hiyo ya nani?" mkewe aliuliza.

"Ya daktari. Akishautoa uvimbe, autie humu. Kola isipojaa, arudi ndani. Kuna kilichobaki."