Vikwembe Viwili vya Wamaza

Simu ililia Jumanne asubuhi, Louise akiwa anamenya muhogo nyuma ya nyumba yake Kasongo. Sauti ya mwanaume asiyemfahamu ilimsalimu kwa adabu nyingi, ikamuuliza kama yuko peke yake, kisha ikamwomba akae chini. Hapo Louise akajua. Hakuna anayeombwa akae chini kwa ajili ya habari ya harusi.

"Mimi ni Alimasi, wa Wamaza," alisema yule mtu. "Binti yangu, Mama Odile ametuacha alfajiri ya leo. Homa imemushika siku tatu tu. Mukuje mbio, maiti haiwezi kungoja kupita kesho."

Louise alipiga yowe, majirani wakakimbilia uani. Alilia kama mtoto anavyomlilia mama. Lakini katikati ya kilio hicho kulikuwa na sauti nyingine ndani yake, na Mungu aliisikia, nayo ilikuwa ikisema: Alimasi. Basi ni kweli.

Jina hilo alikuwa akilinusa kwa miaka mitano.

Mama yake alikuwa mtoto wa mtengeneza barabara. Alipokuwa mdogo, baba yake alimchukua kambi kwa kambi, kila mahali daraja la magogo lilipooza, na Odile akakua akijua mito kwa majina kuliko alivyowajua shangazi zake. Kisha akaolewa, akazaa watoto saba, akalima. Kwa miaka arobaini safari zake zilikuwa shamba, soko na parokia. Lakini hakuna mgeni aliyepita mlangoni pake bila kuulizwa: "Na kule mbele ya kwenu, kuna nini?"

Mumewe alipofariki, Odile alimaliza mwaka wa kilio, akavua nguo nyeusi, akafunga kikapu, akaondoka kwa miguu. Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Tangu hapo kila kiangazi kilimkuta njiani. Alivuka Lualaba kwa mtumbwi, akazunguka misitu, akafika Kabambare na kuipita. Kila mara alirudi amekonda, miguu myeupe kwa vumbi, akicheka, na mkononi hana kitu.

Hicho "hana kitu" ndicho kilichowasumbua watu. Kwao mtu husafiri kwa sababu. Anaenda kuuza, kulia msiba, kutafuta dawa, kuwaona wakwe. Mjane anayesema "nilienda kuona" anaficha jambo. Wengine walisema dhahabu. Wengine walishusha sauti wakataja mambo ya uchawi ambayo Louise aliyasalia rozari ili yasiingie nyumbani mwake. Yeye mwenyewe alikuwa amechagua la tatu: mwanaume.

Aliulizia kwa wenye pikipiki hadi mmoja akamwambia, "Mama yako? Anafikiaga kwa Alimasi, ule muuza chumvi wa Wamaza." Halafu mwaka uliopita, akitafuta shuka sandukuni mwa mama yake, akaona kikwembe kipya, kitenge cha kijani chenye ndege wa njano. Kasongo nzima hakikuwepo cha namna hiyo.

"Mama, hiki umenunua wapi?"

"Njiani."

"Nani amekupa?"

"Weye Louise, serikali imekosa polisi muzuri."

"Nauliza tu. Na ukianguka huko, tutasema nini?"

"Nikianguka, munizike pale nimeangukia. Musinifunge kwa pikipiki kama gunia ya chumvi. Nimeenda na miguu yangu."

Louise hakucheka. Baba yake alikuwa amelala kwenye makaburi ya parokia, na pembeni yake familia ilikuwa imeacha nafasi. Mwanamke akizikwa kwenye kiwanja cha mwanaume asiye ndugu yake, watu hawaulizi tena. Alikuwa mke wake, basi. Baba angebaki na nafasi tupu, na mama angekwenda kaburini na jina hilo.

Kwa hiyo Jumanne ile ile yeye na mdogo wake Joël walikodi pikipiki mbili kwenda kumleta mama. Joël alibeba turubai, mkeka na kamba ndefu mbili. Louise alibeba bidoni ya maji na muhogo wa kuchemsha, maana aliapa kwamba katika nyumba ile, kabla kifo hakijaelezwa, hata maji hatagusa.

"Yaya, ni watu wamemutunza," Joël alimwambia dada yake mkubwa.

"Tutajua kama wamemutunza."

Walilala njiani, wakafika Jumatano kabla ya adhuhuri. Ua wa Alimasi ulijaa watu, wamekaa kimya. Mwanamke mnene wa makamo alitoka mlangoni akilia, mikono wazi. Alikuwa Amisa, mke wa Alimasi. Louise alimwona kuanzia kifuani kwenda chini, akasimama kama aliyepigwa. Kikwembe cha kijani. Ndege wa njano.

Nani asiyejua kwamba mwenye wake wawili huwanunulia nguo moja wasigombane? Louise alirudi nyuma hatua moja, mikono ya Amisa ikabaki hewani.

Akaletewa maji. Akayakataa. Ua mzima uliona.

Alimasi, mzee mwembamba wa kanzu, alisimama kueleza kifo mbele ya ndugu wa marehemu, kama inavyompasa mwenye nyumba. Alitaja siku ya homa, dawa zilizotolewa na muuguzi, uji alioutapika, saa aliyokata roho. Alimwonyesha mwalimu Antoine, katekista wa kapela, aliyeitwa aje kumwombea kabla hajafa. Mwishoni akauliza kama ndugu wana neno.

"Niko nalo," alisema Louise. "Mama yangu alikuwa nani katika hii nyumba?"

Amisa ndiye aliyejibu, kwa kicheko kilichochanganyika na makamasi.

"Mutoto wangu, unafikiri miye sikuuliza hilo kabla yako? Kuja ndani."

Alimketisha kwenye kitanda, mlango wa chumba alimolazwa marehemu ukiwa wazi mbele yao.

"Mwaka wa kwanza aliomba kulala usiku moja. Nikasema huyu mujane amemufuata bwana yangu. Nimepekua kikapu chake. Asubuhi akasema anaenda kuona maji yanatokea wapi, huko juu. Nikamufuata nikijificha kwa majani, na huu mwili wangu! Alikaa juu ya jiwe, anaangalia maji. Tena anaangalia maji. Nikachoka, nikakohoa. Akasema bila kugeuka, 'Kuja ukae, mwenye nyumba, umefanya kelele kama ng'ombe.' Mwaka wa pili tulienda pamoja."

"Na kikwembe?"

"Tulinunua viwili, sawasawa. Moja wetu akipotea, mwingine anaonyesha chake: mumeona mutu amevaa hivi? Na alipotea kweli, siku mbili. Nimepita vijiji vitatu nikivuta hii nguo mbele ya watu kama muuzaji."

"Alilala wapi?"

"Hapa, na miye. Alimasi alihamia kwa magunia ya chumvi, muulize mugongo wake."

Louise hakumwuliza. Alikwenda mwenyewe, akafungua chumba cha bidhaa. Juu ya magunia ya chumvi kulikuwa na mkeka, blanketi, tasbihi na miwani. Gunia la katikati lilikuwa limebonyea kwa umbo la mtu mmoja, mwembamba. Alipogeuka, mzee Alimasi alikuwa nyuma yake.

"Kaburi nimechimbisha kwa kapela," alisema taratibu. "Siyo kwa kiwanja changu. Sikutaka watu waseme."

"Baba, watu walisema zamani. Miye ndiye niliwaongoza."

Alirudi uani, akaomba maji. Amisa alimletea kikombe, akakinywa chote mbele ya watu. Joël alikuwa tayari amekunjua turubai.

"Yaya, tumufunge? Jua linaenda."

"Hapana. Alikataza. Nafasi ya pembeni ya Baba, tutamuelezea mwenyewe kwa kaburi yake."

Louise aliingia na wanawake wa kapela kumwosha mama yake. Nyayo zilikuwa ngumu kama ngozi ya ngoma. Alizisugua polepole, akimwomba Mungu msamaha bila kutoa sauti. Walimvika kikwembe chake cha kijani.

Walimbeba hadi kapela saa tisa alasiri, katika sanduku la mbao lililotengenezwa usiku uliotangulia. Mwalimu Antoine alisoma Injili, wakaimba nyimbo mbili. Amisa na wanawake wenzake Waislamu walisimama upande wao, viganja wazi. Sanduku lilishushwa kwa kamba alizoleta Joël. Yeye alishika upande mmoja, Alimasi upande mwingine. Louise alitupa udongo wa kwanza, kisha Joël, kisha Amisa. Wanaume wakajaza kaburi, wakachomeka msalaba wenye jina Odile na mwaka. Louise alisali fungu moja la rozari, akainuka, akakung'uta magoti.

Kisha wote walirudi kwa Alimasi, wakala bugali na sombe ya majani ya muhogo.