Mpima Mahindi wa Nchelenge

Mpima mahindi kwenye ghala letu la Nchelenge, kando ya ziwa, hamsalimii mtu kabla ya kumaliza gunia lake. Huchoma bambo, kile chuma chenye mfereji cha kuchotea punje, juu, katikati na chini, maana wapo wanaoficha mahindi mabichi katikati. Humimina punje kiganjani, hupuliza vumbi, hung'ata moja kwa meno ya kushoto, ndipo hutia nyingine kwenye kipima unyevu. Mashine ikisema mabichi, husema, "Anika tena," kwa sauti ileile anayoombea maji ya kunywa.

Ijumaa moja alimwambia hivyo Mama Kapinga, mkulima kutoka makazi ya wakimbizi.

"Na meno yako inasema nini, papa?" mama akauliza.

 Mpimaji akatia punje chache na chumvi kwenye chupa kavu, akaitikisa muda mrefu. Chumvi haikushika kwenye kioo, kama inavyoshika penye unyevu. Mahindi yalikuwa makavu. Mashine ndiyo iliyoharibika. Akapokea magunia yote ya mama, kisha akapanda baiskeli ya mlinzi bila kuomba, akateremka bandarini. Webby, mkulima wa kisiwa cha Kilwa humo ziwani, aliyekataliwa asubuhi kwa mashine ileile, alikuwa ameshapakia magunia yake tisa kwenye boti.

"Shusha," akamwambia. "Mahindi yako iko muzuri. Mashini yangu ndiyo iko mubaya."

Webby akamtazama. "Nilianika majuma mbili."

"Najua," akajibu mpimaji. "Niliing'ata."

Akavua viatu, akaingia majini, akajitwika gunia la kwanza.