Kaka aliyeacha majivu

Umande haujakauka kwenye mabati, naye ameshagonga nusu ya milango ya safu ya chini. Hasalimii kwa habari za asubuhi. Anasema, "Umeamka? Haya, miguu!" Ndani mtu anaguna, kitanda kinalia, mtoto anacheka. Yeye ameshafika mlango unaofuata.

Mkononi ana kikapu. Begani ananing'iniza mkoba wenye mashine ya kupimia presha, ameiviringisha kwa kanga kama kichanga. Ni mhudumu wa afya wa mtaa huu, na mtaa mzima unamwita Mama Tembea. Jina lake jingine liko kwenye kitambulisho, na huko ndiko linakokaa.

Leo ni Alhamisi, siku ya msitu. Wanaotoka wengi ni wazee, na wa kwanza kati yao ni mzee mwembamba wanayemwita Babu Redio, kwa sababu hazimiki.

"Presha yangu leo iko juu," anatangaza kabla hajaulizwa. "Jana nimekutana na wakwe zangu."

"Presha ya wakwe haipimwi na mashine, Babu. Funga kamba za viatu twende."

Msafara unacheka, unaondoka. Unapofika nyumba ya mwisho ya safu, yenye mlango wa buluu, kicheko kinakatika chenyewe. Mama Tembea anasimama.

"Wifi! Wifi yangu, tunapita."

Sauti kavu inatoka ndani: "Wapita njia wapite. Nyumba hii haina mgonjwa. Mgonjwa mlishamzika."

Babu Redio anatazama chini. Mama Tembea anashika njia. Hivi ndivyo ilivyo kila Alhamisi tangu matanga yaanuliwe.

Watu hawa hawakuzaliwa kwenye mabati. Walizaliwa huko juu, msituni, na babu zao kabla yao. Wapo watakaosema hayo ni ya zamani, yaachwe. Ukiwatazama vizuri wanaosema hivyo, utakuta ndio walioyafanya, au wameoa kwao.

Basi na tukumbushane. Malori yalikuja kiangazi. Watu waliambiwa msitu unahitaji kupumzika, kana kwamba wao ndio waliouchosha. Waliahidiwa shule, maji na zahanati. Shule ilikuja. Maji huja yakipenda. Zahanati ilijengwa baada ya makaburi.

Wanawake walipopanda mboga zao za msituni nyuma ya nyumba, ofisa wa kilimo alipita na viatu vyake virefu akaziita magugu. Alizing'oa kwa mkono wake. "Mkitaka kula kama watu, duka lile pale," aliwaambia. Wapo waliokuwepo siku hiyo na bado wana macho.

Wakaenda dukani. Unga mweupe, sukari, mafuta ya kukaangia, soda ya mgeni. Huko msituni hakuna aliyeambiwa afanye mazoezi, maana chakula chenyewe kilikuwa mbali na kilikuwa chini ya ardhi. Hapa mguu ukakosa pa kwenda, ukakaa. Watu wakaanza kuanguka. Mwanzoni ilisemwa ni kurogwa. Baadaye muuguzi akaja na jina la ugonjwa: kiharusi. Leo katika safu ile ya nyumba kumi na mbili, saba zina mtu anayemeza dawa za presha, au anayetakiwa kumeza.

Na sasa ingia zahanati, tazama ukutani. Kuna picha ya rangi ya mwanamke anayetabasamu na kikapu cha majani. Chini yake imeandikwa: *Rudini kwenye vyakula vya asili. Linda moyo wako.* Nembo iliyopo pembeni ni ya ofisi ileile iliyong'oa magugu.

Rudini! Kwa mlango upi? Msitu una uzio. Ilichukua misimu miwili ya kuomba na kuomba tena ndipo wakapewa kibali cha kuingia asubuhi moja kwa wiki kuchuma majani na kuchimba mizizi. Mtu anapiga hodi kwenye jiko la mama yake, halafu anaambiwa asante kwa ustaarabu. Mwenye kovu usidhani kapoa.

"Mimi sikuanza kwa sababu ya picha," anasema Mama Tembea, akipanda kilima bila kuhema. "Nilianza kwa sababu mama yangu alianguka akiwa ameshika sufuria. Na baada yake nikamwona kaka anafuata njia ileile."

Kaka yake alikuwa fundi viatu. Tangu utu uzima alikaa kwenye kigoda pembeni mwa duka, magoti yamepinda, sindano mkononi. Dada alipoanzisha matembezi, kaka hakuweza kupanda kilima. Kifua kilimbana. Badala yake alishona viatu vya watembeaji wote bila kuwatoza kitu.

"Alikuwa anasema, 'Mimi natembea kwa miguu yenu,'" anakumbuka Babu Redio. Anasimama njiani, anainua mguu na kuonyesha soli. Uzi mweupe, mnene, umepita ukingoni bila kupinda. "Huu wake. Alinitukana wakati anaushona. Alisema nikiacha kuongea soli zitadumu."

Msituni mgongo wa kila mtu unabadilika. Bibi aliyetoka nyumbani akishika kiuno anachuchumaa bila kulalamika, anachokonoa udongo kwa kijiti, anaung'oa mzizi mnene kama mkono wa mtoto na kuunyanyua juu. "Mpeni salamu huyu!" Wengine wanachuma mboga chungu kandokando ya kijito. Wanabishana ni majani yapi huchemshwa mara mbili. Wanaimba vipande, wanasahau, wanachekana.

Lakini karibu na bwawa, kwenye matete marefu, Mama Tembea hachumi. Anayaangalia tu.

Haya matete ndiyo yaliyokuwa chumvi yao. Wazee waliyakausha, wakayachoma, wakapitisha maji kwenye majivu yake na kutilia maji hayo kwenye mboga. Kwa lugha yao, majivu ya matete na chumvi ni neno moja. Hata baada ya kuhamishwa, wazee waliendelea kuchoma kidogo, kwa hamu tu, kama mtu anavyotunza barua.

Muuguzi alipomtuma Mama Tembea kuwaambia wagonjwa wa moyo wapunguze chumvi, wazee walinung'unika kwamba Kiswahili cha zahanati ni kigumu. Akawaambia kwa lugha yao. Shuleni alifundishwa hivyo: chumvi ni lile neno. Akazunguka nyumba kwa nyumba akisema. Watu wakafurahi kusemeshwa kwa lugha ya mama zao. Wakaitikia. Wakaacha.

Waliacha majivu.

Ile chumvi nyeupe ya pakiti, pamoja na vile vidonge vya mchuzi vya mraba vinavyofungwa kwenye karatasi ya kung'aa, hawakuviacha. Hivyo vilikuja na maduka na vina jina lake mtaani: tamu ya duka. Nani alisema neno lolote kuhusu tamu ya duka?

"Kaka alikuwa mtiifu kuliko wote," anasema Mama Tembea. Amekaa kwenye jiwe, kikapu kati ya miguu. "Ladha ile aliipenda. Alikuwa akiniomba kama mtoto, 'Dada, kidole kimoja tu.' Namwambia, 'Hapana, baba, moyo wako.' Anakubali. Mwaka mzima. Nilikuwa nampima, presha haishuki, nasema labda ni dawa, labda ni kile kigoda. Nampongeza kwa kuacha. Unasikia? Nilikuwa nampongeza."

Alianguka asubuhi, sindano ikiwa bado ndani ya kiatu cha mtu.

Siku ya tatu ya msiba, Mama Tembea aliingia jikoni kumsaidia wifi yake kupikia waombolezaji. Akamwona anatia konzi ya chumvi nyeupe kwenye sufuria, kisha anavunja vidonge vya mchuzi, kimoja, kingine, na kingine.

"Wifi, si kaka aliacha?"

"Aliacha. Majivu hayajaingia nyumba hii mwaka mzima. Hata yale aliyoletewa na Babu Redio niliyamwaga mimi, akaona."

"Na hiyo?"

"Hii? Hii si ni tamu ya duka tu?"

Hapo ndipo alipoelewa. Na hapohapo, sufuria ikitokota, wanawake wamejaa jikoni, akasema. Akaeleza kwa sauti kwamba chumvi aliyotakiwa kaka kuiacha ni hii ya sufuriani, kama anavyoeleza nyumba kwa nyumba.

Mjane aliweka mwiko chini. "Kwa hiyo ni mimi?"

"Nilikosea mara mbili," anasema Mama Tembea sasa. "Nilikosea neno, halafu nikakosea mahali pa kulisema. La kwanza Mungu ananijua. La pili hata mimi mwenyewe silijui lilitoka wapi."

Muuguzi wa zahanati naye halali vizuri. "Lile neno nililisikia kila wiki," anasema. "Niliona watu wanaitikia, nikafurahi. Sikuuliza." Kama majivu yale yalikuwa na madhara au hayakuwa nayo, hajui. Hakuna aliyewahi kuyapima. Picha za rangi zilichapishwa, hela ya kuchapisha ilipatikana, lakini hakuna aliyekwenda kuuliza watu hawa wanaita nini kile wanachokula. Mtu mmoja alinyimwa ladha ya kwao, akalishwa ya duka, na wote wakampigia makofi. Mnamlaumu dada? Mnamlaumu mke? Nendeni mkasome tena ile nembo ukutani.

Tangu siku ile Mama Tembea hatafsiri. Ndani ya mkoba, pamoja na mashine, anabeba pakiti ya chumvi na kidonge kimoja cha mchuzi. Anavitoa, anaviweka kwenye kiganja cha mtu. "Hii. Na hii." Basi. Wapo ambao presha yao imeanza kushuka. Posho yake haijaja kwa miezi mitatu, lakini hilo analitaja anapoulizwa tu, tena kwa kicheko: "Posho yangu nayo inafanya matembezi."

Nyumba moja tu haifunguki. Wifi yake naye ana presha, tena ya kutisha, ilipimwa mara moja wakati mume yuko hai. Dawa zake ziko juu ya kabati, hazijafunguliwa. Majirani wanasema anapika kwa konzi ileile. Wanasema alitamka mbele yao: "Alichokula mume wangu ndicho nitakachokula."

"Anajizika polepole," anasema Mama Tembea. "Na mimi ndiye niliyempa jembe."

Kila Alhamisi, wakirudi, hufunga fungu la mboga kwa ukindu na kulitundika kwenye kitasa cha mlango wa buluu. Kila Alhamisi iliyofuata amelikuta palepale, limekauka, limejikunja kama ngozi. Hulitoa, hutundika jipya.

Jua limeshakuwa kali wanaposhuka. Vikapu vimejaa, miguu imechoka, Babu Redio anasimulia habari ambayo wote wameshaisikia. Wanakaribia nyumba ya mwisho. Mama Tembea anainua fungu jipya, kisha mkono unabaki hewani.

Asubuhi, akiharakishwa na maneno yaliyotoka ndani, hakutazama kitasa. Sasa anakitazama. Fungu la wiki iliyopita halipo.

Mlango unafunguka. Mjane amesimama kizingitini, kanga imefungwa kifuani, amekonda. Mikononi ana bakuli la udongo lililofunikwa sahani.

"Umekuja na kijiji kizima kuja kunitazama?"

"Wanapita tu, wifi."

"Shika. Onja."

Mama Tembea anachota kwa vidole. Ni mboga chungu, imechemshwa mara mbili, imelainika. Babu Redio, kwa mara ya kwanza leo, amezimika.

"Haina chumvi," anasema Mama Tembea taratibu.

"Haina. Wala tamu ya duka. Nimepika vizuri?"

"Vizuri, wifi. Vizuri sana."

"Haya," anasema mjane. Sauti haijapanda. "Basi niambie nimempikia nani."

Bila kungoja jibu, anachukua fungu la mboga kutoka mkononi mwa Mama Tembea, anarudi ndani na kufunga mlango. Haubamizi. Anausukuma tu hadi unagusa.

Watembeaji wanatawanyika mmoja mmoja, kila mtu na kikapu chake. Mama Tembea anabaki amesimama juani na bakuli.

Akiulizwa anatumaini nini, hataji kliniki mpya wala mradi wala kibali cha siku mbili, ingawa vyote anavitaka na vyote ni haki yake.

"Mimi ni mkubwa kwake," anasema. "Taratibu ya Mungu ni mimi nitangulie. Nataka yeye anizike mimi. Aje kwenye matanga yangu anisimange mbele ya watu wote, aseme huyu wifi yangu alikuwa na mdomo. Nampa ruhusa. Lakini asitangulie."

Anafunika bakuli vizuri kwa sahani, analikumbatia pamoja na mashine.

"Alhamisi ni mbali. Kesho asubuhi nitakuja kumrudishia. Na bakuli la mtu halirudi tupu. Nitapika, nitakuja, nitamwambia tukae tule wote. Akiuliza nimempikia nani, hilo jibu ninalo: nimempikia yeye."