Baasto ya Watu Wawili

Tangu niolewe sikuwahi kula sahani moja na mume wangu. Nyumbani kwetu, mtaa wa Iftin, wanaume walikula na wanaume, na akiwepo mmoja tu, basi wengine walitokea. Yeye alikuwa dereva wa lori, na miaka ile ya tisini ukishapita Modogashe barabara ilikuwa ya majambazi. Kila alipoondoka nilihesabu kuwa huenda ndiyo mara ya mwisho. Kwa hiyo siku ile nilitaka kitu kimoja tu kabla ya safari ya alasiri: tule pamoja, mimi na yeye, basi.

Nilichagua baasto, zile tambi ndefu, kwa namna aliyonifundisha jirani aliyekimbia vita Mogadishu: kitunguu saumu, nyanya, chumvi na mafuta ya zeituni. Hakuna nyama, hakuna bizari, hakuna ndizi pembeni. Mafuta niliyapata dukani, kichupa kidogo kilichowekwa kando ya habasoda.

Kosa langu ni kuyamimina sufuriani mbele ya mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Hulugho. Kwetu zeituni ilikuwa dawa. Alipakwa mgonjwa, akasomewa dua.

"Nani anaumwa?" akauliza.

"Hakuna, hooyo," nikamwita mama kwa heshima. "Ni ya kupikia."

"Ya kupikia!" Akanitazama kwa huruma iliyonichoma maini. "Mwanangu anaumwa, mnanificha. Na leo anasafiri!"

Wallahi, niliapa mpaka nikachoka. Ningeuambia ukuta, ungenielewa upesi zaidi. Akajitanda shali akatoka, na kabla maji hayajachemka mtaa mzima ulikuwa na habari.

Walikuja. Ya Rabi, walikuja! Wanawake na maziwa ya ngamia, wanaume na tasbihi, na shehe aliyeanza kusoma tangu mlangoni. Mume wangu akatolewa chumbani alikokuwa akifunga mizigo, akaketishwa katikati yao.

"Mimi mzima," alisema.

Wakatikisa vichwa kwa masikitiko. Aliporudia, shehe akampulizia dua usoni. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi mwenyeji nilikaribia kuugua kweli.

Jikoni ndiko kulikoharibika kabisa. Mgeni haondoki kwetu na njaa, kwa hiyo mama mkwe alitoa pakiti zote za baasto zilizokuwemo ndani, akazivunjavunja, akazitumbukiza kwenye sufuria yangu. Akamwagia mchuzi wa mbuzi aliouleta jirani, akatia bizari, akaagiza ndizi. Kitunguu saumu changu kilizama humo kisionekane tena. Nilitaka kufoka, lakini ningemfokea nani? Wote walikuja kwa wema, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.

Sinia likaenda sebuleni kwa wanaume. Hawajalimaliza, honi ikalia nje. Malori yalikwenda kwa msafara, na askari wa kusindikiza hawakumngoja mtu. Mume wangu akatolewa mlangoni amezungukwa na watu wanaomwombea afya, akigeukageuka kunitafuta juu ya mabega yao. Hata kuagana hatukuagana.

Nikakaa chini jikoni nikalia, kilio cha ghadhabu tupu. Mama mkwe akaingia, akasimama.

"Alikuwa mzima, hooyo," nikamwambia. "Nilitaka kula naye tu. Mara moja, kabla hajaenda huko."

Aliketi mkekani, akakomba baasto iliyobaki sufuriani, akaiweka kwenye sahani katikati yetu. Tukala kwa mikono, chakula kimeshapoa.

"Mimi nimezeeka na baba yake," akasema hatimaye. "Mpaka leo sijui anatafunia upande gani."

Akafuta vidole kwenye ncha ya shali yake, bila kunitazama.

"Akirudi, siku hiyo mimi nitakula kwa jirani."